Mwaka wa Bupe na Kioo Cheusi

Nilipopigiwa simu kwamba Mama Zuhura amefariki, jambo la kwanza nililouliza, kabla hata ya kuuliza mazishi ni saa ngapi, ni kama Bupe amepewa taarifa. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Zuhura, binti wa marehemu, akanijibu kwa sauti iliyokauka kwamba dada Bupe ameshaondoka Dodoma tangu alfajiri. Nikakaa kwenye kochi langu hapa Vwawa, simu mkononi, na kwa dakika kadhaa sikumlilia mwanamke aliyenilisha chakula cha mchana kwa karibu miaka sita. Nilikuwa nawaza kwamba Bupe ameambiwa kabla yangu. Nakaribia miaka arobaini sasa, nina watoto wawili na kazi inayoheshimika, na bado lile jina likitajwa naanza upya kuhesabu nani ametangulia.

Nilimkuta Bupe Tunduma, uani kwa Mzee Hamidu, mume wa marehemu, amejifunga kanga mbili kama mmoja wa watoto wa nyumba ile. Amenenepa kidogo na siku hizi anavaa miwani. Aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole, Sekela," nami nikasema, "Pole na wewe," na hapo hapo akaitwa ndani, kwenye chumba walichokaa ndugu wa karibu. Mimi nikatafuta nafasi kwenye mkeka wa nje pamoja na majirani. Nilikaa pale natazama mlango alioingilia, na mwaka ule wote ukanirudia, kuanzia siku aliyopanda ngazi za ofisi yetu na begi moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ofisi ya Mzee Hamidu ilikuwa juu ya duka la matairi, kwenye barabara ya mpakani, na dirisha letu lilitazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mzee alikuwa wakala wa forodha, mtu wa Tanga aliyehamia huku zamani, na kazi yetu ilikuwa kuandaa nyaraka za mizigo. Tulikuwa na programu ya kutunza kumbukumbu: lori gani, limebeba nini, lakiri zake, zile za kufungia milango ya mzigo, namba ngapi, karatasi zake zimefikia wapi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta. Nilikuwa nimesoma Mbeya, nina cheti, na kwa miaka miwili nilikuwa peke yangu katika kazi ile. Programu yenyewe ilikuwa na matatizo yasiyokwisha. Ilitegemea programu nyingine ndogondogo, kila moja ya toleo lake, na ukiiweka sawa hapa, kule kitu kingine kinagoma. Kuiweka kwenye kompyuta moja kulinichukua siku nzima, nimepiga magoti chini ya meza, vumbi puani, na madereva wananiuliza nitamaliza lini. Mwishoni ilifanya kazi, na mimi nilitembea kutoka ofisini nikijiona mtu muhimu.

Bupe alikuja mwezi wa pili, mvua zikiwa bado kali. Mzee alimchukua kwa sababu kazi imeongezeka, akaniambia huyu atakusaidia. Siku ya kwanza nilimpa kompyuta ambayo ilikuwa imenishinda kwa wiki nzima. Naomba nikiri kwamba nilimpa kwa makusudi. Akaifungua, akatafuta kile kioo cheusi ambacho watu wengi hawajui hata kama kipo, kile kisichokuwa na picha wala vitufe, unaandika amri tu kwa herufi nyeupe. Akaandika mstari mmoja. Akabonyeza. Herufi zikaanza kukimbia kioo kizima kwenda juu, zikasimama, akaandika mstari wa pili, na kabla chai haijapoa programu ilikuwa imefunguka kama ambayo haijawahi kuumwa. Mzee Hamidu akasogea, akauliza amefanya nini. Bupe akamweleza, bila kujikweza, kwamba ameipakia ile programu kwenye kontena pamoja na kila kitu inachohitaji, hivyo haimwombi jirani chumvi. Kontena lenyewe unalitengeneza kutoka kwenye kielelezo kiitwacho imeji, na kwa imeji moja unaweza kuwasha makontena kumi, kwenye kompyuta yoyote, na yote yakawa sawa. Mzee aliyeishi maisha yake yote katikati ya makontena ya chuma akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo lugha naielewa," akasema. Kwa miaka miwili sikuwa nimepata hata neno moja kuhusu kazi yangu ambalo mzee yule alilielewa.

Angekuwa mtu wa Dar es Salaam ningepona. Ningesema hao wana shule nzuri, wana umeme usiokatika, wana mashangazi wenye nafasi. Lakini Bupe alitoka Isongole, na mimi Itumba. Tulikuwa watoto wa wilaya moja, wa milima ileile ya Ileje, na Kiswahili chake kilikuwa na Kindali, lugha ya kwetu, ndani yake kama changu. Alijifunza mambo yale kwa simu na kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwa utepe wa gundi, akiwa amekaa kwao anasubiri ajira, katika miezi ileile ambayo mimi nilikuwa nazunguka mjini nikijiita mtaalamu. Hakukuwa na sababu hata moja ya kunitangulia isipokuwa kwamba alinitangulia.

Mzee akaona ni vyema tuishi pamoja. Akasema ninyi ni watu wa kwenu, mtasaidiana, na kwa kuwa chumba changu kilikuwa na nafasi ya kitanda cha pili, nilikubali. Kilikuwa chumba cha kupanga upande wa juu wa mji, sakafu ya saruji, dirisha moja, jiko la gesi la plate moja juu ya kreti. Mwezi wa sita baridi ya kule inapita chini ya mlango. Bupe alipika viazi vya kwao na maharage, akaweka nyanya nyingi kupita kiasi, na kila siku alinipakulia mimi kwanza. Nilitamani awe mchoyo. Nilitamani awe mchafu, au mwongo, au awe na mwanaume wa kificho, ili niwe na jambo la kusimulia. Alifua shuka zangu pamoja na zake bila kuulizwa. Nilikula viazi vyake huku nikihesabu mara ngapi siku ile Mzee alisimama nyuma ya kiti chake na mara ngapi nyuma ya changu.

Mchana tulikula kwa Mama Zuhura, mke wa Mzee, nyumba ya pili kutoka ofisini. Alipika wali wa nazi, nazi zenyewe zikiletwa na madereva kutoka kwao Tanga, na aliamini kwamba binti asiyemaliza sahani ana jambo linalomsumbua. Kwa mwaka mzima aliniuliza kama naumwa. Bupe alikuwa akimsaidia kukuna nazi, na baada ya miezi mitatu Mama akaanza kumwita mwanangu. Mimi aliniita Sekela. Alinipenda, hilo nalijua, na ndiye aliyekuwa akinitumia bahasha ya karafuu nikiumwa meno. Lakini aliniita Sekela.

Siku moja nilirudi kutoka chakula mapema. Ofisi ya Mzee ilitengwa na yetu kwa ukuta wa plywood, na alikuwa akizungumza kwenye simu na mdogo wake aliyeko Tanga. Nilimsikia akisema kwamba sasa amepumzika, kwamba yule binti wa pili ni kichwa kwelikweli, anaandika mistari miwili na mambo yanakwenda. Mdogo wake lazima aliuliza kuhusu mimi, kwa sababu Mzee akasita kidogo, halafu akasema, "Sekela? Sekela ni mwaminifu." Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Ningependelea aniite mvivu. Neno lile alilitoa kama mtu anayemsifia mgeni kwa kuvaa viatu safi, kwa kuwa hakuona kingine.

Mara nyingi Bupe alijitolea kunifundisha. Alivuta kiti, akaniambia njoo uone, si vigumu, na mimi nikasema nina kazi. Lakini siku za Jumapili, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilichukua funguo za ofisi na daftari lake, alilokuwa akiliacha chini ya mto, nikaenda kujifunza peke yangu. Aliandika vizuri, kwa kalamu ya bluu, kila amri na maana yake kwa Kiswahili chepesi. Kuwasha kontena. Kuona yanayotembea. Kulisimamisha. Kulifuta. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amepigia mstari mara mbili: *Kilichomo ndani ya kontena kinakufa pamoja na kontena. Kumbukumbu zifungwe kwenye folda ya nje.* Chini yake akaandika namna ya kufunga: kistari, herufi v, kisha jina la folda. Nakumbuka Jumapili niliyowasha kontena langu la kwanza. Barabara ilikuwa imejaa honi, jua linapiga mezani, nikaandika mstari, nikabonyeza, na likawaka. Nilisimama na kupiga makofi peke yangu. Halafu nikakaa, maana mtu pekee ambaye angeelewa furaha ile alikuwa ni yeye.

Mwezi wa tisa Mzee alinunua kompyuta mpya yenye nguvu iwe ndiyo seva yetu, ile inayotunza kumbukumbu za ofisi nzima. Bupe aliihamisha kazi yote kwa asubuhi moja, Mzee amesimama mgongoni kwake, simu zinalia, madereva wamejaa ngazini. Kila kitu kikawaka na watu wakarudi kazini. Wiki tatu baadaye, Jumapili, nikiwa kwenye seva hiyo na daftari lake pembeni, nikaandika amri ya kukagua kontena la kumbukumbu. Nilitaka tu kuona linavyoonekana kwa ndani. Ikaja orodha ndefu, nikaifuata kwa kidole mpaka kwenye sehemu inayotaja folda za nje, na pale palikuwa na mabano mawili yasiyo na kitu katikati. Nikasoma tena. Katika haraka ya asubuhi ile Bupe alisahau ile herufi v. Kumbukumbu zote za malori, tangu siku ya kuhama, zilikuwa zinaandikwa ndani ya kontena lenyewe, na nakala aliyokuwa akiichukua kila Ijumaa ilikuwa ya folda ambayo hakuna kitu kilichoandikwa humo. Kila kitu kilikuwa salama kwa muda wote ambao hakuna mtu angelifuta kontena lile.

Sikuwa nimewahi kujua kitu ambacho Bupe hakukijua. Nilikaa nalo lile jambo kama mtu aliyepewa pete. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni alipika ndizi, akasimulia jinsi mwalimu wa kwaya alivyokosea sauti na wote wakakosea naye, tukacheka, nami sikusema. Kesho yake nikajiambia labda nimesoma vibaya. Keshokutwa nikajiambia yeye ndiye kichwa, ataona mwenyewe. Baadaye sikujiambia chochote. Nilimtazama tu akifanya kazi kwa mikono yake myepesi isiyotazama herufi, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimtazama bila maumivu. Sijawahi kuwa mwema kwake kama siku zile. Nilimnunulia hata soksi za baridi.

Ikafika Alhamisi. Bupe akasema kuna toleo jipya la imeji ya kumbukumbu, lenye kasi zaidi, atabadilisha wakati watu wako kwenye chakula. Ni jambo la kawaida: unalisimamisha kontena la zamani, unalifuta, unawasha jipya, nalo linaendelea na kumbukumbu zilezile za nje. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake. Aliandika amri ya kusimamisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Aliandika rm, ile ya kufuta, na jina la kontena, na kidole chake kikasimama kidogo juu ya kitufe kwa sababu alikuwa ananiuliza kama leo kwa Mama kuna samaki. Nikamjibu kwamba sijui. Akabonyeza.

Alipofungua programu ilikuwa tupu. Mwanzoni alidhani imechelewa tu kusoma. Akafunga, akafungua. Nikaona rangi ikimtoka usoni kuanzia midomoni. Alitafuta folda ya nje, akazitazama nakala za Ijumaa moja baada ya nyingine, kisha akabonyeza mshale wa juu kwenye kioo cheusi ili aone amri zilizokwisha kuandikwa na ajue wapi amekosea. Mimi sikuwa nimefika kwenye ukurasa huo wa daftari. Sikujua kwamba kioo kile kinatunza kila mstari unaoandikwa, na tulikuwa tunatumia jina moja la kuingilia. Akabonyeza mshale, akabonyeza tena, akasimama. Ilikuwa amri yangu ya kukagua.

"Sekela," akasema taratibu, bila kugeuka. "Hii ya kukagua ni ya nani?"

"Sijui," nikasema.

Akageuza kiti, akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linalonirudia. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa lugha yake. Kisha akainuka, akaenda upande wa pili wa plywood, na nikamsikia akimwambia Mzee kwamba kumbukumbu za wiki tano zimepotea na kosa ni lake peke yake. Mzee akaniita, akaniuliza kama nilikuwa najua lolote. Nikasema hapana. Bupe alikuwa amesimama pale, na hakuinua macho.

Mzee alifoka, lakini hakumfukuza. Alisema kilichoandikwa kwenye karatasi kitaandikwa tena. Tukatoa majalada yote sakafuni, nakala za kaboni, risiti, namba za lakiri, na kwa siku tisa mimi na Bupe tukaziingiza upya moja moja, yeye akisoma na mimi nikiandika, halafu tunabadilishana. Tulizungumza namba tu. Malori ambayo karatasi zake zilikuwa hazijakamilika yalibaki kwenye foleni. Kulikuwa na dereva wa Zambia aitwaye Chanda, mtu mpole, kila akipanda ngazi zetu alitusalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," yaani hamjambo akina mama, na kutugawia karanga. Lori lake lilikaa siku nne. Siku ya pili alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki huko Mpika. Hakuweza kuuacha mzigo wa watu barabarani. Siku ya nne tulipompa karatasi zake baba yake alikuwa ameshazikwa. Alizipokea kwa mikono miwili na akatushukuru. Kosa langu nililikusudia kwa Bupe peke yake, na likampata mtu ambaye hata jina langu alikuwa halijui.

Mwisho wa mwezi Bupe aliaga. Aliacha chumba kimefagiliwa na nusu gunia la viazi. Mzee akanikabidhi seva, na siku ya kwanza nilifunga kumbukumbu kwenye folda ya nje, nikafanya kazi ile vizuri kwa miaka mitatu. Kazi yangu ya sasa niliipata kwa sababu ya nilichojifunza kwenye daftari lile. Nikasikia amepata kazi Mbeya, nikaumia. Nikasikia amehamia Dodoma, ana vijana sita chini yake, nikaumia tena. Nilikuwa nimemshinda, na bado nilimwonea wivu hata namna alivyoondoka, hana la kuficha, ana begi moja, anapunga mkono.

Siku ya pili ya msiba wanawake tuligawiwa mchele wa kuchambua, na Bupe akatoka ndani na ungo wake, akaketi karibu nami. Tulizungumzia watoto. Tulizungumzia marehemu na imani yake kuhusu sahani zisizomalizwa. Kisha, bila kupanga, nikasema, "Ile amri ilikuwa yangu."

"Najua," akasema. Hakuacha kuchambua. Akasema alinikasirikia mwaka mmoja hivi, halafu ikapita. Aliwaza kwamba labda nilikagua asubuhi ileile, nikaona, nikashikwa na hofu, nikashindwa kutoa sauti. Binadamu anashikwa na hofu. Alikuwa amenisamehe siku nyingi.

Ningeweza kuliacha hapo. Msamaha ulikuwa umekuja wenyewe, umekunjwa vizuri, nilichotakiwa ni kuupokea tu. "Haikuwa asubuhi ile," nikasema. "Niliona Jumapili ya wiki iliyotangulia. Siku kumi na moja."

Mikono yake ikasimama. Nikaona anahesabu, na nikajua anachohesabu: ndizi, kwaya, soksi.

"Tulikuwa tunakula pamoja," akasema.

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Ndani mtu aliita jina lake, na hakuitika.

"Nilikusamehe ya asubuhi moja," akasema hatimaye. "Hii ya siku kumi na moja ndiyo kwanza naisikia leo."

Akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua. Nami nikabaki pale pale, kwa kuwa hakuniambia niondoke.